Gari linavuta, lakini linabeba?

Jamani, safari yetu ya kwanza na trela la kulala nusura initoe roho. Kabla ya kulinunua nilisoma kijitabu cha gari: linavuta hadi kilo 2,300. Trela likiwa tupu lina kilo 1,600. Nikajiona fundi wa hesabu.

Tukapakia: maji lita 150 (hizo ni kilo 150, sikuzifikiria kabisa), mitungi ya gesi, vyombo, baiskeli. Tumefika barabara kuu, usukani mwepesi kama wa gari la mchezo. Jioni taa zikawa zinamulika matawi ya miti badala ya lami. Mke wangu akauliza, "Mume wangu, hili gari au jahazi?" Sikuwa na jibu.

Kesho yake nikapita mizani. Trela: kilo 2,050. Bado liko ndani ya kiwango, sivyo? Ndipo mzee mmoja pale akaniambia nisome kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Gari lenyewe linabeba kilo 480 tu, watu wakiwemo. Na trela hulalia ndoano ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Langu lililalia kwa kilo 265, nazo zinahesabiwa kwenye mzigo wa gari. Ongeza sisi wanne na mabegi, kilo 260. Jumla 525!

Nimemwaga maji, baiskeli nimemwachia shemeji. Sasa natafuta gari jingine, na safari hii naanzia mlangoni.