Brookdale, nilikopatia koti langu la kwanza

Siku ya tatu tangu nitoke Kisii, Januari 2005, binamu yangu alinipeleka Brookdale, moli (jumba la maduka mengi) ya mji wa Brooklyn Center, Minnesota, Marekani, kuninunulia koti. Alinifunga zipu mpaka kidevuni kama mtoto anayepelekwa nasari, akaniambia nisiivute kwa nguvu, baridi hukausha vidole. Halafu tukaketi kwenye benchi ndani ya moli, joto limetulia, tukaongea saa mbili bila mtu kutuuliza tunanunua nini.

Watu wetu wanaohamia Brooklyn Center siku hizi huona uwanja wa kuegesha magari, basi. Hawajui kilichokuwa pale.

Brookdale ilifunguliwa 1962. Ilikuwa ya pili katika zile moli nne za kampuni ya maduka ya Dayton ya Minneapolis: Southdale ya Edina ilitangulia 1956, Rosedale ikaja 1969, Ridgedale 1974. Southdale ndiyo moli ya kwanza Marekani kuezekwa yote na kuwekewa joto na ubaridi wa mashine. Aliyeichora ni Victor Gruen, Myahudi wa Vienna aliyewakimbia Wanazi 1938. Mimi humhesabu mgeni mwenzetu. Aliona watu wa vitongoji wanaishi ndani ya magari, akataka wapate uwanja wa kukutania kama wa mjini kwao, hivyo katikati ya Southdale akaweka bustani yenye miti na kizimba kirefu cha ndege. Uzeeni alizikana moli zilizofuata, akisema wafanyabiashara wameiharibu fikra yake. Alirudi Vienna, akafia huko 1980.

Brookdale ilikuwa na maduka makubwa manne: Sears, JCPenney, Donaldson's na Dayton's. Dayton's ikageuka Marshall Field's 2001, kisha Macy's 2006. Nilikuwa nikimhudumia mama mmoja mzee katika nyumba ya wazee, na kwake jengo lile lilibaki Dayton's tu. Nikirudi kutoka mapumziko ananiuliza, “Umepita Dayton's? Wameshapamba dirisha?” Nilijifunza kumjibu ndiyo, kisha namwelezea nguo nilizoziona.

Macy's ilifungwa 2009. Mwaka uliofuata moli yenyewe ikafungwa, baadaye ikabomolewa. Sears ilisalia peke yake miaka kadhaa katikati ya lami, kama jino moja, mpaka nayo ikafunga.

Kazini nimesikia mara nyingi kwamba Brookdale ilikufa kwa sababu sisi tulihamia: Waliberia, Wakenya, Wahmong wa kusini-mashariki mwa Asia. Maneno hayo huniuma, na nayakataa kabisa. Mall of America ilifunguliwa Bloomington 1992 na kuvuta wanunuzi wa jimbo zima. Maple Grove wakajenga maduka mapya ya Arbor Lakes, mwendo mfupi kwa gari. Maduka makubwa yakamezana, na duka kubwa likiondoka, vile vidogo vilivyotegemea wapita njia wake haviponi. Southdale yenyewe, iliyo katika mtaa wa wenye pesa, ilipoteza JCPenney, na mahali pale leo pana jimu ya Life Time, iliyofunguliwa 2019. Huko nani aliwafukuza wateja? Sisi ndio tuliokuwa tukinunua Brookdale wakati wengine wameshaihama: viatu vya kazi, masanduku ya safari, nguo za kupeleka nyumbani Desemba.

Walmart iliyojengwa pale baadaye ilikuwa na bei nzuri, nami nilinunua humo kila wiki mpaka ilipofungwa 2023. Ila ukishalipa hakukuwa na pa kukaa. Brookdale ndiko tulikokutania Jumamosi asubuhi tukitoka zamu ya usiku. Michango ya matanga mingapi ilipangwa kwenye mabenchi yale, daftari juu ya goti, mtu akipiga simu Nyamira kwa kadi ya simu ya dola tano!

Jumamosi iliyopita mimi na binamu tulikutana palepale. Tulikaa ndani ya gari lake, injini ikinguruma kwa ajili ya joto, chai kwenye chupa kati yetu. Vioo vilijaa mvuke. Akafuta kidogo kwa kiganja, akanyoosha kidole kwenye safu ya magari yaliyoegeshwa: “Benchi letu lilikuwa hapo, karibu na ile nyeupe.”