Salopete mia nne: jinsi mafundi wa Katuba tulivyojifunza kudai kazi

"Muko bangapi? Na ku mwezi moya munaweza kushona salopete ngapi?"

Ofisa wa jimbo, hapa Lubumbashi, Kongo, aliyetuuliza hivyo kuhusu salopete, yaani ovaroli za kazi, hakuwa mkali. Alikuwa ameisoma barua yetu yote, kurasa nne: umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaokatika, bei ya uzi, mitumba, kodi, usumbufu wa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na katikati ya hayo sentensi mbili tu kuhusu nguo za kazi za migodini. Wajumbe watano wa umoja wa mafundi wa nguo tukatazamana. Mimi ndiye katibu, jibu lilipaswa kutoka kwangu, na sikuwa nalo. Tukatoka na "tutaona".

Usiku ule sikulala. Mama yangu alijifunza kushona kwenye fuaye (kituo cha jamii) ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ambako wake za wafanyakazi walifundishwa cherehani. Mwaka 2003, kampuni ilipowaondoa kazini watu zaidi ya 10,000, baba akiwamo, cherehani hiyo ndiyo iliyotulisha na kutulipia shule. Nikimwona kijana wa mtaani petu amevaa salopete iliyoshonwa ng'ambo, naumia.

Sheria tulikuwa nayo. Ile ya sutretansi, yaani kazi za zabuni ndogo, ya tarehe 8 Februari 2017 inazitengea kampuni za Wakongomani kazi ambazo kampuni kubwa huzitoa nje, na ipo ARSP, mamlaka ya serikali, ya kuisimamia. Tulidhani kuitaja sheria kunatosha.

Basi tukaanza kuhesabu. Kila jioni, kwa wiki sita, tulizunguka na daftari mitaa ya Katuba, Kenya na Kamalondo, karakana kwa karakana. Mashine ngapi? Ngapi nzima? Ipi inashona kitambaa kizito bila kuvunja sindano? Nani ana namba ya kodi? Tulikuta mashine nyingi, lakini za kitambaa kizito zilikuwa 29 tu, na karakana zenye makaratasi kamili zilikuwa saba. Wenzangu wengine walitaka tuzifiche hesabu hizo. Nilikataa, kwa sababu mnunuzi angezigundua siku ya kwanza.

Kisha tukaifumua salopete kuukuu, mshono kwa mshono, mezani kwangu. Hapo ndipo nilipouona ufundi wake: mishono mitatu kwenye mapaja, mfuko uliopigwa kishikizo kila pembe, utepe unaong'aa ulioshonwa pande zote mbili. Tukashona tatu za kwetu na kuwapa vijana watatu wa mgodini wazivae mwezi mzima. Mbili zilirudi nzima. Ya tatu ilipasuka katikati ya miguu, kwa sababu tulitumia uzi wa pamba. Tukahamia uzi wa poliesta na kuliandika kosa hilo kwenye daftari lilelile.

Kilichobadilisha madai yetu hasa ni mazungumzo na mtu wa idara ya manunuzi ya kampuni moja. Alitueleza kwa uungwana: oda hutoka mara moja, maelfu ya nguo kwa mkupuo, na malipo huja siku 90 baada ya kupokea mzigo. Nilirudi nyumbani nikiwaza fundi anayekopa kitambaa Jumatatu na kudaiwa Ijumaa. Hata sheria ingefuatwa neno kwa neno, bado mlango ulikuwa mwembamba mno kwetu.

Barua ya pili ikawa ukurasa mmoja wenye maombi mawili: oda igawanywe vifungu vidogo, na malipo yafanyike ndani ya siku 30. Tuliambatisha hesabu ya mashine na salopete moja iliyokunjwa vizuri. Nakala zilikwenda kwa jimbo, kwa ARSP na kwa idara za manunuzi. Tukaunda pia koperative (ushirika) kwa taratibu za OHADA, sheria za biashara zinazotumiwa na nchi kadhaa za Afrika, maana kumsajili kila fundi peke yake kungekula miaka.

Kikao cha kuipitisha barua hiyo kilikuwa kigumu. Papa mmoja, fundi wa suti tangu ujana wake, alisimama: "Mama katibu, mitumba ndiyo inatuua, na wewe umeifuta." Nilimjibu kwa heshima kwamba sikuifuta, imesubiri, na kwamba hata watoto wetu sisi wenyewe wanavaa mitumba. Hakuridhika. Yeye na wengine wanne waliacha kulipa mchango. Naamini nilichagua sawa, ila kila nikipita mbele ya duka lake moyo unakuwa mzito.

Safari hii ofisini hatukumtuma mwenyekiti na Kifaransa chake kizuri peke yake. Waliongea mama wawili washonaji, na kila swali la kitambaa au la siku za kazi lilipata jibu papo hapo.

Kampuni moja ilitupa salopete 400 za kujaribu. Umeme ulikatika wiki ya pili, tukachangia mafuta ya jenereta. Kumi na mbili zilirudishwa kwa sababu ya mifuko, tukazirekebisha kwa siku mbili. Malipo yalifika siku ya 38. Ombi la siku 30 bado halijajibiwa kwa maandishi na yeyote, kwa hiyo barua ya tatu iko tayari, ikiwa na hati ya kupokelea mzigo na stakabadhi ya benki zenye tarehe zote mbili. Jumatano tunaipeleka.