Mashine ya gemu kutoka Leicester hadi Donholm, na ile chupa ya shanga

Kwanza, wale wote walioniambia "hiyo mashine yako ya gemu funga na godoro mbili, laza kwa kontena, itafika tu" ningependa siku moja walazwe wao kwa kontena na godoro mbili halafu watuambie walifikaje. Huo ushauri nilipewa na watu kama sita na hakuna hata mmoja wao amewahi kutuma kitu kikubwa kushinda friji.

Nilikaa Leicester, huko Uingereza, miaka saba. Kama miaka miwili kabla nirudi, jamaa mmoja alikuwa anafunga chumba chake cha gemu huko ufuoni, akaniuzia mashine moja ya kutia sarafu, zile ndefu za kusimama, na ndani iko na Street Fighter II, ile gemu ya kupigana ya 1991. Bei ya kutupa. Mimi nimekulia hapa Nairobi, hiyo gemu utotoni nilikuwa naitazama nikiwa nyuma ya wakubwa, tokeni ni moja na nimeishika mpaka imeloa jasho. Kwa hivyo tulipoamua kurudi nyumbani niliacha sofa, nikaacha baiskeli, lakini hii nikasema haibaki. Mama watoto aliniangalia hivi, akanyamaza. Ni hasara ndogo kuliko ile ya shamba la Kitengela, nadhani ndio alikuwa anajiambia.

Sasa, urefu ni karibu futi sita na uzito kama kilo mia na ishirini, sikupima, mgongo wangu ndio ulikuwa mizani. Lakini uzito si shida, shida ni kioo. Hii si skrini bapa, ni CRT, ile ya tumbo nyuma kama TV ya mzee, na ndani hamna hewa hata kidogo. Nyuma iko na shingo ya glasi nyembamba kama shingo ya chupa ya soda, ikigongwa kidogo tu pwaa, kwisha, na hizo siku hizi hakuna mtu anatengeneza mpya. Mwingine akaniambia nitoe hicho kioo nikitume kando. Boss, hiyo kitu inaweza kukaa na umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa waya, nani alikwambia mimi nataka kufia Leicester wiki mbili kabla ya kurudi? Nikakiacha mahali pake, nikaweka sponji ngumu chini ya tumbo, nikazungusha mkanda, shingo nikahakikisha haiguswi na kitu chochote. Bodi ya gemu, yaani ubongo wenyewe, nikachomoa nikaja nayo kwa ndege kwenye mkoba wa mkononi. Pale uwanja wa ndege wakaipitisha kwa ile mashine yao mara tatu.

Sanduku la kwanza, wacha niwaambie ukweli, lilikuwa zuri kushinda kitanda changu. Wikendi mbili nzima nilipigilia mbao nilizookota kwa jirani aliyekuwa anabomoa banda, nikapaka rangi, nikaandika JUU kwa Kiswahili na Kiingereza kwa herufi za kama mita moja. Ajenti wa kusafirisha mizigo akaja na gari, akalizunguka, mimi niko hapo nangoja sifa, akaniuliza, "Muhuri wa mbao uko wapi?" Muhuri gani? Kumbe kuna sheria ya kimataifa, ISPM 15, mbao za kufungia mizigo lazima zitibiwe, kwa kawaida kwa kupashwa moto mpaka katikati ifike digrii 56 kwa dakika 30 ndio wadudu wasisafiri, halafu zigongwe muhuri wa HT, yaani zimepashwa moto. Mbao zangu zilikuwa na muhuri wa mavi ya njiwa tu. Gari likaenda bila mimi, nikabomoa sanduku mvua ikininyeshea, jirani akiniangalia na chai yake dirishani. La pili nikalitengeneza kwa plaiwudi, hiyo haihitaji muhuri, chini nikaweka paleti yenye HT ambayo nilipewa bure nyuma ya supamaketi. Lilinichukua saa tatu tu, na ndilo lilikuwa imara zaidi.

Sasa kuja kwa hii chupa. Ajenti aliniapia mzigo utasimama wima njia yote, na kwa hilo nikalipa kitu kidogo juu. Lakini mimi ni mtu wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, nimeona vile mizigo inashushwa. Kuna vibandiko vya kununua vinavyobadilika rangi mzigo ukilazwa, lakini unavibandika nje, na mtu mjanja anakibandua tu. Nikachukua chupa ya plastiki ya mdomo mpana, chini nikamwaga shanga ndogo za binti yangu, robo ya chupa. Kuta za juu nikabandika selotepu ya pande mbili kuzunguka, na ndani ya kifuniko pia. Mashine ikisimama, shanga ziko chini zimetulia, hata meli iyumbe namna gani haziwezi kuruka mpaka huko juu. Ikilazwa hata dakika moja, zinateleza zinanasa, na zikinasa hazirudi. Tena upande zilikonasa unakuonyesha ililazwa kwa mgongo au kifudifudi. Nikaifunga kwa ndani, nyuma ya mlango wa chuma, nikafunga kufuli na sikumwambia mtu. Jioni hiyo nilijiona kama mtu aliyegundua stima.

Meli ilizunguka huko chini kabisa, Rasi ya Tumaini Jema, maana kuanzia mwisho wa 2023 meli nyingi zilikuwa zinaikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi. Ukiongeza na kungoja kontena lijae, ilikuwa kama miezi mitatu. Gharama usiniulize sana, ilikuwa pauni mia nne na kitu, labda mia tano. Mombasa, treni ya SGR, bohari ya kontena ya Embakasi hapa Nairobi, nikapigiwa simu niende ukaguzi wa forodha. Nikaenda na bodi yangu kwa mkoba.

Afisa alikuwa mama mmoja wa makamo, miwani imeteremka kwa pua. Sanduku likafunguliwa, akaona tundu la sarafu, basi. "Kijana, hii ni ya kamari." Na si kwamba alikuwa anatafuta makosa, sote tunakumbuka 2018 vile mashine za kamari zilikusanywa mitaani zikachomwa. Nikaanza kueleza huku nafungua mlango wa nyuma niweke bodi, nikasahau kabisa kwamba kitu cha kwanza kutoka humo ni chupa ya shanga iliyofungwa kwa kamba nyekundu. Watu wote wakarudi nyuma hatua moja. Madam akavua miwani. "Na hii ni dawa ya nani?"

Nilieleza mpaka koo likakauka. Lakini nikiwa hapo naeleza niliona kitu: shanga zimenasa, upande mmoja wote, mpaka kwa kifuniko. Ililazwa, kwa mgongo. Nikamgeukia msimamizi wa wapakuaji, mtu aliyekuwa ameniapia dakika kumi zilizopita kwamba haijawahi kuinama hata kidogo, nikamwonyesha chupa. Akaiangalia, akaangalia vijana wake. Kijana mmoja akasema pole pole, "Mzee, ilikuwa hapa tu, dakika tano, tulikuwa tunaitoa kwa kontena." Ile pesa ya kupakua ikapunguzwa nusu bila mimi kuongeza neno. Bora walipitia mgongo, maana ingelazwa kifudifudi uzito wote wa kioo unaning'inia kwa bolti nne.

Umeme wetu ni ule ule wa Uingereza, hata plagi ni ile ile, kwa hivyo nikachomeka hapo hapo. Sekunde kama kumi hakuna kitu, roho iko mdomoni, halafu muziki. Nikatia sarafu ya peni kumi. Madam akasogea.

"Pesa inatokea wapi?"

"Haitokei, madam. Inaingia tu."

"Haitoki kabisa?"

"Kabisa."

"Sasa hii si mbaya kuliko ya kamari?"

Akacheza. Alichagua Chun-Li, akasema huyu msichana amevaa vizuri, Zangief, mpinzani wake, akamshika akamgonga chini kichwa, akataka sarafu nyingine. Watu watatu wakapanga foleni. Iliyonisaidia hasa, na hii andika mahali, ni picha za Krismasi mbili mfululizo, watoto wangu wamesimama kando ya hiyo mashine sebuleni, pamoja na risiti ya zamani. Anayerudi nyumbani moja kwa moja anaruhusiwa vyombo vyake vya nyumbani bila ushuru, lakini uonyeshe ulikuwa navyo huko na ulivitumia wewe. Nikabaki kulipa ada za hapa na pale na za ajenti.

Kuipandisha ghorofa ya pili kwangu Donholm, hapa Nairobi, ilichukua vijana watano, soja wa ploti akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata, na grili ya mlango ikang'olewa. Sitaki kukumbuka.

Kilichonishangaza ni rangi. Kona moja ya skrini ilikuwa zambarau, uso wa Ken, mpiganaji mmoja wa gemu, ukifika hapo unakuwa wa kijani kama ana malaria. Nikajua kioo kimekufa. Fundi wa barabara ya Luthuli, kule kwa wauza vifaa vya umeme mjini, akacheka: usumaku wa dunia huko Ulaya umeinama sana kwenda chini, huku kwetu karibu na ikweta umelala, na CRT inausikia. Akatoa duara la waya alilonalo tangu enzi za TV za mgongo, akalizungusha mbele ya kioo kama mtu anayefukuza pepo, rangi zikarudi. Akataka elfu moja, nikampa mia saba na chai.

Sarafu za Kenya mashine haizikubali. Na usiniambie niweke gemu ya bure, bila kutia sarafu hiyo ni TV tu. Nilikuja na sarafu thelathini za peni kumi kwa kopo, watoto wa ploti wanazikopa na kuzirudisha. Jana nimehesabu ziko kumi na tisa, na yule kijana wa ghorofa ya tatu tangu Jumapili anapita kwangu ameshika mfuko wa suruali.