Siku yangu moja kwenye kivuko cha mto Liard

Mimi ni mtoto wa Sengerema, nimekua nikipanda pantoni ya Busisi. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, ndugu zangu walinipigia simu kwa furaha. Walinikuta nimevaa boya, napanga magari kwenye kivuko cha mto Liard, karibu na Fort Simpson, kaskazini mwa Kanada. Huku daraja hakuna. Pande zote ni misonobari, na majira ya joto, kwa gari hakuna njia nyingine ya kuingia kijijini.

Saa sita mchana napokea zamu. Nakagua kamba, pampu na mlango. Kisha ni shusha mlango, elekeza dereva, weka kabari, vuka, toa kabari, hadi saa tisa.

Saa tisa magogo yakaja. Liard unaanzia milima ya Yukon. Mvua ikinyesha sana huko juu, mto unabomoa kingo na kung'oa miti mizima. Nahodha akasimamisha kivuko. Dereva wa lori la mboga akashuka. "Ng'ambo naiona kwa macho. Mnangoja nini?" Nikamweleza. Baada ya dakika kumi akarudi na swali lilelile. Mara ya nne akapaza sauti mbele ya watu kwamba chakula kinaoza kwa sababu ya uvivu wetu. Uvivu! Maji yalikuwa yanakula gati, tingatinga linamwaga changarawe, sisi tunasawazisha kwa koleo huku mbu wametujaa shingoni. Nikaweka koleo chini, nikampeleka ukingoni. Shina zima lilikuwa linapita, limezama, mizizi tu ndiyo iko juu. "Hilo likivunja rafadha, tunachukuliwa na maji hadi mto Mackenzie, wewe na mboga zako." Akanyamaza. Radhi hakuomba.

Tulipoanza tena sijui ilikuwa saa ngapi. Mwezi wa sita jua la huku linakaribia usiku wa manane bila kuzama, na mwili uliochoka haujui jioni ni ipi. Foleni ilikuwa ndefu. Lori lake nililiwekea kabari mimi mwenyewe, nikairudia kuikagua.

Saa sita usiku nikavua buti zilizojaa tope, nikampigia mama. Kwake ilikuwa saa tatu asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Leo mmevusha wangapi?"

Nikamwambia magari thelathini na mawili, na lori moja la mboga.