Stendi ya begi la ngumi uani: wiki tano za kwanza

Wiki ya kwanza

Nimepanga vyumba viwili hapa Majengo, Moshi. Dari ni ya jipsamu, na juu yake kuna kenchi ambazo sijawahi kuziona kwa macho. Nilipomgusia mama mwenye nyumba habari ya kutoboa nining'inize begi la mazoezi, hakuniacha nimalize.

"Baba, hii nyumba marehemu aliijenga miaka kumi na moja. Wewe uje uiangushe kwa ngumi?"

Mwembe wa uani nao akaukataa, maana tawi lenyewe limelalia bati la jirani. Basi ikabaki stendi ya chuma, isiyogusa ukuta wala mti. Nimechora kwenye daftari: kitako cha umbo la H, nguzo ya mita 2.2 nyuma, na mkono wa sentimita 70 unaotoka mbele kushika begi.

Wiki ya pili

Wiki yote imeliwa na begi lenyewe. Nimeshonesha turubai la lori kwa fundi wa viti vya magari: upana wa mdomo sentimita 35, urefu mita moja. Mtaa mzima ukanishauri nijaze mchanga. Ukiweka mchanga unashuka, na baada ya siku chache sehemu ya chini ni jiwe, juu unapiga turubai tupu. Gharama yake unailipa kwenye kifundo cha mkono. Maranda ni nafuu, lakini nayo hushuka, na yakishika unyevu yanaanza kunuka.

Nikapita kwa mafundi cherehani, nikapewa viroba vinne vya vipande, bure. Vilivyopungua nikajazia mitumba ya soko la Kiborloni, ile ya chini kabisa ambayo hata muuzaji anaionea haya. Jioni tatu nimekaa kwenye kigoda nakata zipu, vifungo na vishikizo vya suruali. Zipu moja ikisahaulika karibu na turubai, utaijua kwa ngozi ya vidole.

Kujaza kuna namna yake. Unaweka tabaka la kina cha kiganja, unashindilia kwa mchi (nimeazima wa kinu cha jirani, naomba asisome hapa), ukianzia pembeni kuja katikati. Mimi nilianzia katikati, pembeni kukabaki mashimo, nikamwaga zote nikaanza upya. Kwenye mizani ya Mangi wa dukani, ile ya mahindi, limesoma kilo 34. Wenye uzoefu wanapendekeza begi liwe karibu nusu ya uzito wako, nami nina 71. Nimeridhika.

Wiki ya tatu

Hapa ndipo nilipojifunza. Nilinunua skwea paipu ya inchi mbili, geji 16, kwa sababu ilikuwa rahisi. Namba ya geji ikiwa kubwa chuma ndiyo kinakuwa chembamba. Hii ni kama milimeta moja na nusu tu. Fundi akachomelea asubuhi, akagonga nguzo kwa nyundo, akasema, "Kaka, hii inabeba hata ng'ombe."

Nikatundika begi. Likakaa vizuri. Nikapiga kama dakika kumi, nikasikia *tii*, sauti ndogo kama kijiko kwenye sahani. Pale nguzo inapokutana na kitako pamefanya ufa wa urefu wa kucha, na nguzo yenyewe imeinamia mbele.

Nilirudi gereji na stendi begani.

"Fundi, ng'ombe wako ameanguka."

Akaangalia ule ufa kwa muda. "Ng'ombe ukimtundika anatulia. Wewe umetundika kitu kinachocheza."

Alisema kweli. Kilo 34 zilizotulia ni jambo moja, kilo 34 zinazoyumba huku na huku ni jambo jingine kabisa. Kila begi linapokwenda mbele, mkono unaivuta nguzo iliyo ndefu, na mzigo wote unaishia kwenye ile weldi ya chini. Safari hii tumefanya hivi: nguzo mpya ya milimeta tatu, vipande vinne vya pembetatu vya bati nene kwenye shina, na sapoti ya mshazari kutoka katikati ya nguzo hadi nyuma ya kitako. Kona ya juu nayo imepata sapoti yake. Ufundi elfu 40, na ile paipu ya kwanza sasa ni kamba ya kuanikia nguo, yaani nguzo zake.

Rangi ya kuzuia kutu ilichukua siku tatu kukauka. Wanaoijua Moshi ya mwezi wa saba, ya mawingu asubuhi hadi mchana, hawatashangaa.

Wiki ya nne

Haivunjiki tena, ila inatembea. Raundi moja ya dakika tatu, stendi imesogea hatua moja kuelekea bombani. Nikatafuta viroba vya unga vya kilo 25, nikajaza mchanga kimoja hadi juu, kikanishinda kunyanyua. Mchanga ni mzito kuliko unga, jambo ambalo mtu mzima angepaswa kulijua. Nusu kiroba kinatosha. Vinne viko kwenye miguu ya nyuma, viwili mbele, na chini ya kitako nimelaza vipande vya tairi. Imetulia.

Bondia wetu Hassan Mwakinyo alimmaliza Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili, Birmingham, mwaka 2018. Mimi raundi ya pili nimemalizwa na begi lisilojibu. Mikono nafunga bendeji za duka la dawa chini ya glovu, na kifundo hadi sasa ni kizima.

Wiki ya tano

Imebaki kelele. Mnyororo unalia, na chumba cha jirani kuna mtoto mchanga. Nimeuvisha tyubu ya baiskeli, kelele imepungua sana. Mnyororo pia unajisokota, nimemwomba fundi anitafutie bearingi kwenye vyuma chakavu ili begi lizunguke lenyewe.

Jumapili nimetoka na glovu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikakuta blanketi zito limeanikwa kwenye mkono wa stendi, linachuruzika juu ya begi langu. Mama yuko mlangoni na chai yake.

"Baba, hiki chuma chako ni kigumu kweli. Subiri likauke."

Na mawingu haya, litakauka Jumanne.