Siku Moja ya Kuomba Dola Tano Lewiston

Saa kumi na mbili asubuhi ninaanza kazi ya mshahara, kwa sababu kampeni hainilipi. Mimi ni mkalimani wa simu: mgonjwa anazungumza Kiswahili au Kifaransa, daktari anazungumza Kiingereza, nami niko kati yao hadi saa nne. Baada ya hapo ninakuwa mgombea wa kiti katika Baraza la Wawakilishi la jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Katiba ya jimbo inamtaka mgombea awe raia wa Marekani kwa miaka 5, awe na umri wa miaka 21 na awe ameishi katika jimbo kwa mwaka mmoja, na masharti hayo nimeyatimiza. Sahihi za wapiga kura zinazohitajika ili jina langu liingie katika kura za mchujo za mwezi Juni niliziwasilisha mwezi Machi. Kazi iliyobaki sasa ni ya fedha, nayo ina tarehe ya mwisho: 20 Aprili, saa kumi na moja jioni.

Saa nne na nusu niko kwa karani wa jiji la Lewiston. Mwaka 1996 wapiga kura wa Maine walipitisha sheria ya uchaguzi safi, ambayo ilianza kutumika katika uchaguzi wa mwaka 2000. Chini ya sheria hiyo, mgombea wa Baraza la Wawakilishi akipata watu 60 walioandikishwa kupiga kura katika eneo lake, kila mmoja akatoa angalau dola 5 kwa mfuko wa jimbo, mfuko huo humpa fedha za kampeni, naye huacha kuchukua michango ya watu binafsi. Karani hutazama kila jina nililoleta kama limo kweli katika daftari la wapiga kura, na kwa anwani iliyo ndani ya eneo langu. Leo amenirudishia majina kadhaa: wengine wamehama, mmoja anaishi upande wa pili wa barabara, na barabara hiyo ndiyo mpaka. Sikubishana naye, kwa kuwa ukali huohuo ndio unaonilinda mimi pia dhidi ya mpinzani mwenye marafiki matajiri.

Kuanzia saa sita ninabisha hodi. Maine ilihesabiwa kuwa na watu wapatao milioni 1.36 katika sensa ya mwaka 2020, na baraza lina viti 151, hivyo mwakilishi mmoja ana watu karibu 9,000, ilhali mjumbe wa Bunge Dogo la California ana karibu nusu milioni. Kwa hiyo eneo langu lote ninaweza kulizunguka kwa miguu, hata katika msimu huu ambapo theluji inayeyuka na kila ngazi ya nje imejaa tope. Nilikozaliwa, Bukavu, mgombea akionekana mlangoni watu hutarajia fulana, kitenge au angalau soda. Huku ni mimi ninayeomba, tena siruhusiwi kumlipia mtu dola zake tano, maana fedha lazima iwe yake mwenyewe. Siku za mwanzo nilijisikia kama mdai anayekwenda kudai deni ambalo hakuna aliyekopa.

Karibu saa saba nilifunguliwa na bibi mmoja mzee aliyenisikiliza kwa Kiingereza kisha akaniuliza, kwa Kifaransa cha Quebec, jimbo jirani la Kanada, lafudhi yangu ni ya wapi. Lewiston ilijengwa kwa jasho la watu wa lugha hiyo, waliokuja kufanya kazi katika viwanda vya nguo kando ya mto Androscoggin, na sheria ya jimbo ya mwaka 1919 iliwazuia watoto wao kufundishwa kwa lugha ya nyumbani katika shule za umma. Tulizungumza kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mgombea mwenye haraka. Aliniuliza kuhusu kodi ya majengo, hakutabasamu kwa jibu langu, kisha akaandika hundi. Ninaamini mpiga kura wa aina hii ana faida kuliko anayekubali kila kitu, kwa sababu mwezi Novemba, siku ya uchaguzi wenyewe, atakuwa bado anakumbuka nilichosema.

Saa kumi niliingia katika jengo wanamoishi Wakongo na Waangola wengi wanaoomba hifadhi, na hapo ndipo kazi hii huniumiza. Mzee mmoja, ambaye sote humwita Papa, alikuwa ameshaandaa noti ya dola tano ndani ya bahasha. Nilimrudishia kwa mikono miwili. Hajaandikishwa kupiga kura, hivyo mchango wake hauhesabiwi kati ya ile 60. Na sheria ya shirikisho inamkataza asiye raia wala mkazi wa kudumu kumchangia fedha mgombea yeyote, hata wa kiti kidogo kama hiki.

"Mwanangu, unakataa mkono wangu?" aliniuliza.

"Siukatai, Papa. Sheria ndiyo inayonifunga."

Nilimweleza kwamba sheria hiyohiyo inamruhusu kujitolea bila malipo, na kabla sijamaliza kunywa chai aliyonipa alikuwa ameshataja majina ya wapwa zake wenye uraia, pamoja na nani kati yao hupatikana nyumbani jioni.

Saa moja usiku tulikwenda kwao pamoja. Mpwa wa kwanza alilipa kwa mtandao papo hapo. Wa pili, mama wa watoto watatu aliyeapa kiapo cha uraia hivi karibuni, hakuwa amejiandikisha. Nilimpa fomu na kumwambia kwamba Maine huandikisha watu hata siku yenyewe ya uchaguzi, ila kwa mchango huu ni lazima jina lake liwe katika daftari kabla karani hajalikagua. Aliniambia nisimharakishe, anataka kwanza kujua wapinzani wangu wanasema nini. Nilimwachia fomu na majina yao.

Saa nne usiku ninalinganisha stakabadhi na sahihi za waliochangia, moja baada ya nyingine, kwa sababu sahihi ya kughushi inaweza kunikosesha fedha zote za mfuko. Kesho saa nne na nusu ninarudi kwa karani, na Papa amesema atakuwa ananisubiri nje ya ofisi na orodha ya jengo la jirani.