Makaa ya Ngaka ni majani, acheni kuwasingizia dinosaria

Jamani kila yakipita malori ya makaa ya mawe hapa Songea kuelekea bandari ya Mtwara hakosekani mtu wa kusema eti hayo ni madinosaria yaliyoungulia chini ya ardhi. Ni majani bana. Majani, matawi, mizizi, takataka za kinamasi basi.

Iko hivi, bonde la Ruhuhu, yaani huku Ngaka wilaya ya Mbinga mpaka Mchuchuma kule Ludewa, lina matabaka ya miamba yamelaliana, wanajiolojia wanayaweka kwenye kundi la Karoo. Chini kabisa kuna mawe yaliyoachwa na barafu, ndiyo barafu, maana enzi hizo huku kwetu kulikuwa kusini sana na tumeshikana na India, Australia na Antaktika. Barafu ikayeyuka, vikabaki vinamasi, na humo ukatamba mti unaitwa Glossopteris, jani lake refu lina umbo la ulimi, na ulikuwa unapukutisha majani kwelikweli. Yakidondoka kwenye maji yasiyo na hewa hayaozi yakaisha, yanarundikana, tope na mchanga vinakuja juu, uzito na joto vinamalizia, na sisi leo miaka kama milioni 280 baadaye tunapakia kwenye semi.

Jani hilohilo ndilo walilokutwa nalo akina Scott, wale wapelelezi Waingereza waliokuwa wanarudi kutoka Ncha ya Kusini, kule Antaktika mwaka 1912, wamekufa kwa baridi na njaa na bado walikuwa wanaburuta kilo 16 hivi za mawe, mengine yana Glossopteris. Sijui ningekuwa mimi kama nisingeyatupa.

Sasa mifupa. Maji ya kinamasi cha namna ile yana asidi, mfupa unaliwa, kwa hiyo kwenye makaa yenyewe usitegemee fuvu. Mifupa ya Ruhuhu inatoka matabaka ya juu zaidi. Maarufu ni ya matabaka yanayoitwa Manda, ndiko alikotoka mtambaazi ndugu wa dinosaria aitwaye Asilisaurus kongwe (ndilo jina lake kamili) aliyetangazwa 2010, na Nyasasaurus ambaye mifupa yake iliokotwa miaka ya 1930 ikakaa London mpaka 2012 ndio dunia ikaambiwa huenda ni dinosaria wa kale kuliko wote, au basi ndugu yao wa karibu, wa miaka kama milioni 243 iliyopita. Miaka yote hiyo kabatini aisee!

Kati ya makaa na Manda kuna lile balaa la miaka milioni 252 iliyopita, viumbe vingi vikafutika, Glossopteris naye akaenda, na baada ya hapo dunia nzima ikapita mamilioni ya miaka bila kinamasi cha kutengeneza makaa. Kwa hiyo Nyasasaurus hata kivuli cha mti ule hakukikuta.

Kinachoniuma ni kwamba majani yenyewe ukitaka kuyaona hayako kwenye makaa meusi, yako kwenye lile jiwe la kijivu la tope lililo juu na chini ya mkanda wa makaa, ambalo mgodini ni kifusi tu, linamwagwa pembeni. Likipasuka bapa angalia: mstari mmoja katikati ya jani na mishipa imesukana kama wavu, hiyo ni Glossopteris. Kama wavu upo ila mstari wa katikati hauonekani vizuri, huenda ni binamu yake Gangamopteris. Weka sarafu pembeni upige picha, na uandike umelikuta wapi, maana bila hiyo hata mtaalamu atashindwa kukusaidia.